Mwendo wa Watoto: Kujiandaa Kiafya kwa Safari ya Israeli

SOMO LA WIKI
Maandiko: Mwanzo 32:31, 33:12–14, 1 Samweli 30:9–10, 21–25

Safari ya Israeli ikitangazwa kanisani, watu huuliza kwanza nauli, pasipoti na viza. Magoti, presha na sukari huulizwa mwisho, au hayaulizwi kabisa. Na bado wengi wanaoweka akiba miaka mingi kwa ajili ya safari hii ni wazazi wetu wenye umri mkubwa. Kwa hivyo leo tuanze na afya.

Esau alipokutana na Yakobo alikuwa na wanaume 400, akataka waandamane. Yakobo akakataa kwa heshima. Alisema watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha. Wakikimbizwa siku moja tu, mifugo yote itakufa. Yeye angekuja polepole, kwa mwendo wa watoto. Na kumbuka Yakobo mwenyewe alikuwa anachechemea. Usiku alibarikiwa, asubuhi akaondoka na nyonga inauma.

Ninalotaka tushike ni hili: kikundi cha watu wa Mungu hutembea kwa mwendo wa aliye dhaifu.

1. Sema ukweli kuhusu mwili wako

Wakati wa kujaza fomu za safari, mama mmoja wa kutoka Njoro aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, usiandike hapo eti niko na sukari. Watanikata, na tena watasema sina imani." Nikamwambia, "Mama, nisipoandika, ukizimia kule Yeriko nitamwambia daktari nini?" Alinyamaza kidogo, kisha akanitajia dawa zake zote, moja moja.

Wapendwa, kuficha ugonjwa si imani. Paulo aliombea wagonjwa wakapona, lakini alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, na aliandika hivyo waziwazi (2 Timotheo 4:20). Tena Luka, mwenzake wa safari, alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14). Tunaomba, na pia tunaenda kliniki.

Kwa hivyo umwone daktari wako mapema, miezi miwili au mitatu kabla, iwe ni PGH au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mwombe barua inayotaja ugonjwa wako na dawa zako. Usitegemee kadi ya SHA ukiwa ugenini. Nunua bima ya safari, na utaje ugonjwa ulio nao kabla ya kulipa. Ukiuficha, bima inaweza kukataa bili.

2. Ijue njia kabla hujaikanyaga

Sisi wa Nakuru tunaishi karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na jioni tunatafuta sweta. Bahari ya Chumvi iko zaidi ya mita 400 chini ya usawa huo. Kule na Yeriko, joto la Julai na Agosti linaweza kufika nyuzi 40. Yerusalemu nayo ni vilima. Njia ya Msalaba katika mji wa kale ina ngazi na mawe yanayoteleza, na barabara ya kushuka Mlima wa Mizeituni ni mteremko mkali.

Anza mazoezi sasa. Wiki ya kwanza tembea dakika 20 mahali tambarare. Ukizoea, jaribu kupanda kidogo upande wa Menengai. Kifua kikikaza au pumzi ikikata, simama, na umwambie daktari. Usiende na viatu vipya; vaa vile miguu imeshazoea. Kama unahitaji kiti cha magurudumu uwanja wa ndege, shirika la ndege lijulishwe angalau saa 48 kabla. Kukitumia si aibu.

3. Dawa, maji na kufunga

Beba dawa za siku zote za safari na za siku chache zaidi, katika pakiti zake, ndani ya mkoba wa mkononi. Insulini usiiweke kwenye mzigo wa chini ya ndege, kwani inaweza kuganda kwa baridi na kuharibika.

Wengine hawanywi maji ndani ya basi ili wasimsumbue dereva kwa kutafuta choo. Wengine huacha dawa ya presha inayokojoza. Hiyo ni hatari kwenye joto. Kiongozi apange vituo vya choo na avitangaze asubuhi, watu wanywe maji bila wasiwasi.

Na wale wanaopenda kufunga wakiwa Nchi Takatifu: kama unatumia dawa za sukari, usifunge bila kuongea na daktari. Sukari ikishuka sana unaweza kuzimia. Mwenye kidonda mguuni asiingie Bahari ya Chumvi.

4. Aliyebaki chini naye ana fungu

Katika kijito cha Besori, watu 200 wa Daudi walichoka wasiweze kuvuka. Wenzao waliporudi na nyara, wengine walitaka kuwanyima. Daudi akaamua kwamba aliyebaki na mizigo na aliyeenda vitani watapata sawa.

Kwa hivyo kila msafiri awe na mwenzake anayejua dawa zake na zinakokaa. Asiyeweza kupanda asiachwe peke yake kwenye basi. Mmoja akae naye, wasome Neno la mahali pale pamoja. Na Meza ya Bwana iandaliwe pale ambapo hata mwenye mkongojo anafika. Kikundi kikipunguza ziara mbili ili wote wafike ya tatu, hakijapoteza kitu.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni nini hufanya washirika wetu wafiche magonjwa? Sisi tumechangia vipi?
2. Nani katika ushirika wetu hubaki nyuma kwa sababu ya mwili wake, hata hapa Nakuru?
3. Wiki hii utamsindikiza nani kliniki au kwenye mazoezi ya kutembea?

Ombi: Baba, tufundishe mwendo wa Yakobo. Wape wagonjwa wetu ujasiri wa kusema, na wenye nguvu subira ya kungoja. Katika jina la Yesu. Amina.