Kutafuta historia ya jamaa zetu: somo kutoka kisiwa cha Idjwi

SHABAHA YA SOMO: Kuwasaidia washiriki wa vikundi vya amani kuchunguza historia ya jamaa zao na urithi wa kijiji chao, kwa njia inayojenga ujirani na isiyoamsha magomvi ya zamani.

VITU VYA KUTAYARISHA: daftari moja kwa kila watu watatu, kalamu, karatasi kubwa ya kuchora, na simu ya kunasa sauti kama ipo.



Katika Kivu, magomvi mengi huanza na ulizo moja dogo: "Ninyi mlitoka wapi?" Majirani wawili wanashitakiana juu ya mpaka wa shamba. Siku ya kwanza wanaongea juu ya mpaka. Siku ya pili wanaongea juu ya babu zao. Siku ya tatu jamaa mbili nzima zimeingia, na hakuna anayekumbuka tena mpaka ulipita wapi.

Si ajabu, kwa sababu sheria zenyewe zimeyapa mambo ya asili uzito mkubwa. Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema Mkongomani wa asili ni mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yao vilifanya nchi hii wakati wa uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya Serikali, lakini vijijini watu waliendelea kugawa mashamba kwa desturi, yaani kwa ushuhuda wa wazee. Kwa hiyo habari za babu na bibi si hadithi za jioni tu. Zinagusa shamba, urithi na heshima ya mtu. Ndiyo sababu inafaa tujifunze kuzitafuta vizuri.

Tutatumia mfano wa kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu. Msomaji wa Kalehe, Masisi, Uvira au kwingine anaweza kufuata njia hii kwake nyumbani.

1. KISIWA KILICHOPITIA MIKONO MINGI

Idjwi leo ni wilaya ya jimbo la Kivu Kusini, yenye usultani mbili: Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini. Masimulizi mengi yanakubali kwamba Bambuti (wengine husema Batwa) walikuwako kisiwani mbele ya wengine. Ufalme wa kisiwa ulianzishwa mwanzoni mwa karne ya 19 na mwami Mwendanga, wa ukoo wa Basibula. Mwanawe Kabego aliuawa wakati majeshi ya Rwabugiri, mwami wa Rwanda, yalipokivamia kisiwa. Rwabugiri alipokufa mwaka 1895, kisiwa kilipata tena wafalme wake wenyewe.

Kisha wakaja Wazungu. Mjerumani von Götzen alifika Ziwa Kivu mwaka 1894. Wajerumani na Wabelgiji wakagombania nchi ya ziwa hili kwa miaka mingi, hata mwaka 1910 wakapatana huko Bruxelles kwamba Idjwi iwe upande wa Kongo ya Wabelgiji. Wenye kisiwa hawakuulizwa. Vita vya dunia vilipoanza, Wajerumani walikishika kisiwa mwezi wa Septemba 1914, na Wabelgiji wakakirudia mwaka 1916. Baadaye zikaja kodi, kazi za lazima, misioni, shule na mashamba ya kahawa.

Mpaka ule wa 1910 ulipita ndani ya maji ambayo watu walikuwa wakiyavuka kila siku kwa mtumbwi. Jamaa zilizokuwa na mashemeji ng'ambo zikajikuta zina mashemeji katika nchi nyingine. Mtu anayetafuta historia ya jamaa yake Idjwi atakutana na mpaka huo mara nyingi.

2. UKOO SI UKUTA

Mwanahistoria Mmarekani David Newbury alifanya utafiti Idjwi katika miaka ya 1970, na mwaka 1991 akatoa kitabu juu ya wafalme na koo za kisiwa hicho. Aliwasikiliza wazee kijiji kwa kijiji. Alichoona ni jambo la kutufundisha sote. Watu wa kisiwa walitoka pande nyingi: ng'ambo ya magharibi na ng'ambo ya mashariki. Tena, koo zao hazikushuka mtumbwini zikiwa zimekamilika kama mzigo uliofungwa. Watu walifika vikundi vidogo vidogo, wakakaa pamoja, wakaoana, wakapewa kazi katika sherehe za mwami, na polepole wakawa ukoo mmoja wenye jina moja. Ukoo ulijengwa kisiwani penyewe, wakati uleule ufalme ulipokuwa ukijengwa.

Mfano mmoja ni muganuro, sherehe ya malimbuko ya mavuno. Mwami hakuweza kuifanya peke yake. Koo mbalimbali zilikuwa na kazi zao ndani yake, na koo hizo hazikuwa na asili moja.

Hata huko Rwanda, Marcel d'Hertefelt alionyesha mwaka 1971 kwamba koo 18 alizozichunguza zilikuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa ndani yake. Basi mtu akikuambia kwamba ukoo wake ni damu moja tangu kuumbwa kwa dunia, msikilize kwa heshima, andika alichosema, halafu endelea kuuliza.

3. NAMNA YA KUTAFUTA

a) Anza na walio hai. Anza na wewe mwenyewe, kisha wazazi, kisha wazazi wao. Usiruke. Mzee mwenye umri mkubwa umwendee kwanza, maana akiondoka, hakuna karatasi itakayorudisha maneno yake. Nenda na mtu anayemfahamu, msalimu vizuri, eleza kazi yako, na uombe ruhusa kabla ya kuwasha simu ya kunasa sauti. Akikataa, zima.

b) Fuata akina mama. Watu wengi huhesabu baba, babu na baba ya babu, wakaishia hapo. Kwa kuhesabu hivyo unapata mstari mmoja tu. Uliza: "Nyanya mzaa mama alizaliwa wapi? Mahari yake ilivuka ziwa au haikuvuka? Wajomba zake walikaa ng'ambo gani?" Hapo utaona mistari inakwenda Bushi, Buhavu ya ng'ambo, Buhunde na Rwanda. Mara nyingi ni akina mama wazee wanaokumbuka mambo haya, lakini hawaulizwi kwa sababu si wao wanaokaa barazani. Waulize, na wakati mwingine uwaulize peke yao.

c) Tafuta miaka kwa matukio. Wazee wengi hawana tarehe ya kuzaliwa, lakini wana matukio. Mtu akisema baba yake "alizaliwa Wajerumani wakiwa kisiwani," tunafahamu ni kati ya Septemba 1914 na 1916. "Wakati moto wa Nyamulagira ulishuka hadi ziwani" ni 1938 hadi 1940. "Wakati wa njaa ya Ruzagayura iliyokimbiza Wanyarwanda wengi" ni 1943 na 1944. Kuna pia uhuru wa 1960, vita vya mamluki wa Schramme huko Bukavu mwaka 1967, moto wa Nyiragongo wa 1977 na wa 2002, na wakimbizi wa Rwanda wa 1994. Chora mstari mrefu kwenye karatasi kubwa, weka matukio haya, kisha kila mtu aweke jamaa yake juu yake.

d) Tafuta karatasi. Parokia zina vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi. Humo kuna majina ya wazazi na ya wasimamizi. Mapadri Weupe walikuwa na desturi ya kuandika daftari la siku katika kila misioni, na nyaraka za shirika lao zinatunzwa Roma. Karatasi za utawala wa Wabelgiji ziko Bruxelles: zilikuwa chini ya Wizara yao ya Mambo ya Nje, na zimekuwa zikihamishiwa Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji. Makumbusho ya Tervuren yana picha na sauti za zamani. Karibu zaidi kuna Lwiro, makao ya taasisi ya utafiti IRSAC iliyoanzishwa mwaka 1947, ambayo leo ni CRSN. Kuna pia ISP ya Bukavu, ambako wanafunzi wa historia wameandika kazi za mwisho wa masomo juu ya vijiji na usultani zetu. Usisahau sanduku la nyumbani: karata za kodi, karata za ubatizo, barua na picha.

e) Jihadhari na majina. Kwetu mtoto hupewa jina lake mwenyewe, kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo. Tena, mwaka 1972 utawala wa Mobutu uliondoa majina ya ubatizo katika karatasi za Serikali. Mtu aliyeandikwa kwa jina la Kikristo mwaka 1955 anaweza kuonekana na jina lingine mwaka 1975, na ni mtu yuleyule. Makarani nao waliandika walivyosikia: sauti ya "ch" unaweza kuikuta kama c, ch au tsh, r na l hubadilishana. Hata kisiwa chenyewe kimeandikwa Idjwi, Ijwi, na kwa Kijerumani Kwidschwi.

f) Tembea. Urithi uko pia ardhini: mikuyu iliyopandwa kwenye maboma ya zamani, makaburi, njia za kushukia bandarini, majina ya vijito na vilima, misingi ya nyumba za wakoloni. Tembeeni pamoja na mzee, na kila mahali aulizwe: "Hapa panaitwaje? Nani alipaita hivyo?"

g) Linganisha. Jan Vansina, aliyefanya kazi IRSAC, alieleza mwaka 1961 kwamba masimulizi ya mdomo ni chanzo cha historia, mradi yachunguzwe kama karatasi zinavyochunguzwa. Uliza: nani anasimulia? Alisikia kwa nani? Anafaidi nini habari ikiwa hivyo? Na karatasi ya mkoloni uiulize vilevile, maana karani naye alikuwa na bwana wake wa kumpendeza. Habari mbili zikipishana, andika zote mbili.

4. MAMBO YA KUANGALIA SANA

Kwanza, historia haitoi hati ya shamba. Kikundi chetu si tribinali. Kama uchunguzi unagusa shamba lenye kesi, semeni wazi tangu mwanzo kwamba hamtatoa hukumu, na msimpe upande mmoja daftari lenu.

Pili, msifanye orodha ya nyumba kwa kabila. Huko Rwanda, karata za utambulisho zenye kabila, walizoziingiza Wabelgiji katika miaka ya 1930, zilitumika mwaka 1994 kuchagua watu wa kuuawa. Goma ilipotekwa Januari 2025 na Bukavu Februari 2025, watu wengi walikimbia bila kubeba karatasi zao. Daftari linaweza kuanguka mikononi mwa yeyote. Andikeni safari, ndoa, kazi na majina ya mahali. Kila jamaa itunze mti wake wenyewe nyumbani.

Tatu, Bambuti wawe wasimuliaji, si watu wa kusimuliwa tu. Mara nyingi wanatajwa kuwa wa kwanza kisiwani, halafu wanakosa mahali pa kulima. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Wapigme wenyeji wa asili. Kikundi kinachoandika historia ya kijiji bila wao kimeandika nusu yake.

Nne, kuna siri. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, mtu aliyeletwa kama mateka, mama aliyetendewa vibaya wakati wa vita. Habari ya namna hiyo ni mali ya mwenyewe. Akisema "hii usiandike," weka kalamu chini.

5. KAZI YA KIKUNDI (saa mbili)

Kaeni watatu watatu, ikiwezekana wa jamaa zisizofanana. Kila mmoja aeleze nyanya zake wawili: walizaliwa wapi, walifikaje walikoolewa. Kwenye karatasi kubwa choreni ziwa, kisiwa na ng'ambo zote, kisha chora mstari mmoja kwa kila nyanya, bila kuandika jina. Zitundikeni karatasi zote ukutani na kila mtu azitazame kwa utulivu.

MASWALI YA KUJADILI

– Mistari mingapi imevuka maji? Mistari mingapi imevuka mpaka wa 1910?
– Je, kuna mtu katika kikundi ambaye mistari yake yote imebaki kijiji kimoja?
– Katika kijiji chetu, nani hujibu ulizo la "mlitoka wapi"? Nani haulizwi kamwe?
– Ni mahali gani pa zamani panaharibika, na nani anaweza kupatunza pamoja nasi?
– Mzee au mama gani tutamtembelea kabla ya mkutano ujao, na nani ataenda?

Jibu la swali la mwisho liandikwe, pamoja na siku.