Tovuti Isiyomaliza Bando

Siku NECTA inapotangaza matokeo ya kidato cha nne, Tanzania nzima hukimbilia anwani moja. Mzazi aliyeko Nachingwea na simu yake ya bei nafuu, na mjomba aliyeko Dar es Salaam na kompyuta ya ofisini, hufungua ukurasa uleule: orodha ya shule kwa herufi, unabofya shule yako, linakuja jedwali lenye namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, daraja na alama za kila somo. Hakuna picha zinazopokezana wala menyu inayoteremka. Watengeneza tovuti vijana huucheka ukurasa huo kwa ukale wake. Afadhali wangeuchunguza kwanza. Jedwali lile ni faili la HTML lililoandaliwa mapema: seva inalitoa lilivyo, simu inalionyesha lilivyo.

Anayejenga tovuti ya shule, zahanati, SACCOS au duka la vifaa vya ujenzi angeanzia hapo. Wengi huanzia upande wa pili. JavaScript, lugha ambayo Brendan Eich aliiunda kule Netscape mwaka 1995 kwa siku 10, ilikusudiwa kufanya vikazi vidogo ndani ya ukurasa. Leo tovuti nyingi humpelekea msomaji ukurasa mtupu pamoja na furushi la skripti. Skripti ikishafika ndipo inapoagiza taarifa na kuanza kuujenga ukurasa ndani ya simu yake. Ni kumwalika mtu pilau, akifika unamkabidhi mchele, bizari na kuni.

Tena uzito wa skripti si sawa na uzito wa picha. Kilobaiti 200 za picha zikifika, simu inazifungua na kuzionyesha. Kilobaiti 200 za skripti zikifika, simu inapaswa kuzisoma, kuzitafsiri na kuzitekeleza, na wakati inahangaika nazo kitufe unachobonyeza hakiitikii. Kwenye simu ya bei kubwa hutaliona hilo. Kwenye simu ambazo wateja wako wanazo, utaliona.

Kuna wanaosema hakuna mtu anayezima JavaScript siku hizi. Mwaka 2013 watu wa tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, walilipima jambo hilo wakakuta asilimia 1.1 ya wageni wao hawapati huduma za skripti, yaani mtu mmoja kati ya kila 93. Waliozima wenyewe, au waliotumia kivinjari kisichoiweza, walikuwa asilimia 0.2 tu. Waliobaki walikuwa na vivinjari vizuri kabisa, ila skripti haikufika au haikufanya kazi. Mtandao ulikatika njiani, au kitu fulani kiliizuia. Na hiyo ni Uingereza.

Kisa kinachonipendeza zaidi ni cha YouTube. Mhandisi wake mmoja, Chris Zacharias, aliona ukurasa wa kutazamia video umefika megabaiti 1.2, akaazimia kuushusha chini ya kilobaiti 100. Alipunguza vitu na kuondoa skripti hadi akafika kilobaiti 98, kisha toleo hilo likajaribiwa kwa baadhi ya watazamaji. Takwimu zilipokuja, wastani wa muda wa kufunguka ulikuwa umepanda. Ukurasa mwepesi unafunguka polepole kuliko mzito! Waliporudi kuangalia watazamaji wanatoka wapi, jibu likaonekana: watu wa Afrika, Amerika Kusini, Asia ya Kusini-Mashariki na Siberia walikuwa wameanza kuingia. Ukurasa wa zamani ungewachukua dakika 20 hivi, kwa hiyo walishakata tamaa na hawakuwahi kuhesabiwa. Ule mpya uliwachukua dakika mbili na ushee, nao wakavumilia. Ukiona takwimu za tovuti yako zinadai wageni wote wana mtandao wa kasi, kumbuka kwamba walioshindwa kuufungua ukurasa hawamo kwenye takwimu hizo.

Sasa kazi yenyewe. Andika maudhui yote kwenye HTML kwanza: ada, ratiba, bei, namba za simu. Kiungo kiwe kiungo cha kweli, na fomu iwe fomu inayotumwa kwa seva hata skripti isipokuwepo. Kisha tumia uwezo ambao kivinjari tayari kinao. Maswali na majibu yanayofunguka ukibonyeza hayahitaji maktaba yoyote. Tagi za details na summary zinatosha, na kivinjari kisichozitambua kitaonyesha maelezo yote wazi, bila hasara. Kwenye fomu, kisanduku cha aina ya tel huleta kibodi ya namba, cha date huleta kalenda, na neno required humzuia mtu kutuma kabla hajajaza. Seva bado ihakiki kila kitu, maana fomu inaweza kutumwa na mtu mwenye nia mbaya. Menyu inayobaki juu unaposhusha ukurasa ni kazi ya CSS, mistari miwili tu.

Mzigo mkubwa mara nyingi hata si wako. Ni vitu vya wengine ulivyovipachika: kidirisha cha kuchati, kisanduku cha Facebook, ramani inayosogezwa kwa kidole, vihesabu wageni viwili au vitatu. Weka kiungo cha wa.me chenye namba yako inayoanza na 255, nacho kitafungua WhatsApp moja kwa moja. Huku kwetu mteja anakopenda kuulizia bei ni hukohuko. Badala ya ramani nzima, weka picha ndogo ya ramani yenye kiungo. Kikokotoo cha mkopo, sawa, kiandikie skripti. Iwe fupi na uipe neno defer ili isizuie ukurasa kuonekana.

Picha zibadilishe ziwe WebP, zipunguze ziendane na upana wa skrini, na zile za chini uzipe loading="lazy" zisipakuliwe kabla msomaji hajazikaribia. Fonti tumia zilizomo kwenye simu tayari. Kama tovuti ina kurasa nyingi, Hugo au Eleventy itakutengenezea faili za HTML zilizokamilika, na hizo hata seva ya bei ndogo inazimudu. Aliyeko kwenye WordPress aanze kwa kufuta plagini asizozitumia.

Kabla ya kukabidhi kazi, fungua Chrome kwenye kompyuta, bonyeza F12, chagua mtandao wa polepole, kisha zima JavaScript. Bei inasomeka? Fomu inatumwa? Halafu fungua tovuti hiyohiyo kwenye Opera Mini, ambayo katika hali yake ya kubana sana data huiachia seva kazi ya skripti na kuleta kwenye simu matokeo tu. Google nayo inataka kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Na usidhani mtandao wa polepole ni wa vijijini tu: Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, hata ofisi za mijini Tanzania na Kenya zilikaa zikitazama kurasa zisizofunguka.

Mteja akidai slaidi ya picha tano pale juu kwa sababu shule jirani wanayo, usibishane naye kwa nadharia. Tengeneza kurasa mbili, wenye slaidi na usio nayo, mwombe simu yake mwenyewe, iweke kwenye 3G, umfungulie zote mbili mbele yake. Halafu muulize ni upi angependa mzazi autumie kutafuta ada.