Vinasaba na Nishati: Kumtambua Bakteria Hai wa Kifua Kikuu

Kila kiumbe hai kina mambo mawili yanayoweza kupimwa: taarifa za kinasaba, yaani maelekezo ya umbile lake, na nishati kinayoitumia ili kiishi. Kiumbe kinapokufa, matumizi ya nishati hukoma, lakini vinasaba vyake huweza kubaki kwa miezi. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika tiba ya kifua kikuu.

Bakteria wa kifua kikuu ana takriban herufi milioni 4.4 za DNA, zilizochapishwa mwaka 1998. Kipimo cha Xpert MTB/RIF, kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, hakizisomi zote. Hutafuta kipande cha herufi 81 katika jeni ya rpoB, hukirudufisha hadi kitambulike, na kwa takriban saa mbili huonyesha kama makohozi yana vimelea na kama vimelea hivyo ni sugu kwa rifampisini.

Kuotesha vimelea hufuata njia nyingine. Katika mfumo wa MGIT, makohozi yaliyosafishwa huwekwa ndani ya chupa yenye chakula cha bakteria na kemikali ambayo mng'ao wake huzuiwa na oksijeni. Bakteria hai hutumia oksijeni kuzalisha nishati. Oksijeni ikipungua, kemikali hung'aa. Bakteria aliyekufa hatumii oksijeni, hivyo hakuna mng'ao. Chupa husubiriwa hadi siku 42 kabla ya kutamkwa kuwa haina vimelea.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa aliye katika mwezi wa tano wa dawa, aliyeongezeka uzito na kuacha kukohoa, anaweza bado kupata jibu chanya la Xpert. Jibu hilo peke yake si ushahidi kwamba tiba imeshindwa. Huenda ni mabaki ya vimelea vilivyouawa. Maendeleo ya tiba hufuatiliwa kwa darubini na kuotesha. Kwa kuwa darubini nayo huona bakteria waliokufa, kuotesha ndiko kunakothibitisha uhai. Kumbadilishia mgonjwa dawa kwa kutegemea vinasaba pekee kwaweza kumtwisha dawa kali asizozihitaji.

Mgonjwa aliyewahi kutibiwa kifua kikuu na amweleze mhudumu kabla ya kupimwa, kwani historia hiyo hubadili tafsiri ya jibu. Na anayejisikia nafuu asikatishe dawa: nafuu hutangulia, kupona hufuata.