Kauri Isiyochomwa: Mwongozo kwa Watengenezaji na Wanunuzi wa Mapambo ya Kauri Baridi



Tuchukue mfano wa kufikirika. Siku chache kabla ya Idi, mama mmoja wa Tanga ananunua bakuli dogo jeupe, lililozungushiwa waridi za rangi ya pinki. Muuzaji amemwambia kuwa ni la kauri. Siku ya sikukuu analijaza haluwa, na watoto wanachota kwa vidole. Jioni analitumbukiza katika beseni la maji pamoja na vyombo vingine. Anapolitoa, waridi zimelainika, kitako kinanata mkononi, na rangi imebaki ndani ya maji.

Mama huyo amepoteza fedha zake. Zaidi ya hapo, wanawe wamekula chakula kilichogusana na gundi na rangi zisizokusudiwa kuingia mwilini. Somo hili linalenga kuzuia mambo hayo mawili. Linamhusu anayenunua mapambo ya namna hii, na pia anayeyatengeneza nyumbani ili ajipatie riziki.

Jina lisikudanganye

Katika lugha yetu, neno kauri lina maana mbili: kombe dogo la baharini linalong'aa, na chombo cheupe kigumu ambacho zamani kililetwa na majahazi kutoka ng'ambo. Watu wa Tanga wanaijua kauri hiyo ya pili tangu kale. Magofu ya Tongoni, kusini mwa mji, yana makaburi ya nguzo ya karne ya 14 na 15. Katika nguzo za namna hiyo, mafundi wa pwani walikuwa wakiacha vishimo vya kupachika bakuli za kigeni ziwe pambo. Bakuli ziliwekwa nje, penye mvua na upepo wa chumvi, kwa kuwa zilikuwa zimepita motoni.

Kauri ya kweli hufinyangwa kwa udongo mweupe uitwao kaolini, ambao hapa nchini unapatikana katika vilima vya Pugu, kisha huchomwa katika tanuru kwa joto la takriban nyuzi 1,300 za Selsiasi. Hata chungu cha kienyeji, kinachochomwa kwa kuni na nyasi kwa joto dogo zaidi, hakirudi kuwa tope kikiisha kuchomwa. Moto huubadili udongo moja kwa moja.

Kauri baridi haina udongo ndani yake, wala haichomwi. Ni kinyunga cha wanga na gundi kinachogandishwa na hewa. Maji yakiisha kutoka, gundi hushikamana na chembe za wanga, na kitu kinakuwa kigumu na laini kwa kugusa. Maji yakirudi, mshikamano huo hulegea. Mengine yote katika somo hili yanatokana na jambo hilo moja.

Vitu vinavyohitajika

Kipimo kinachotumiwa na wengi ni hiki:

- kikombe 1 cha wanga wa mahindi, yaani ule unga mweupe laini wa kuzitia uzito supu na kastadi; sembe haifai;
- kikombe 1 cha gundi nyeupe ya maseremala, ambayo ni aina ya plastiki iliyo katika maji;
- vijiko vikubwa 2 vya gliserini au mafuta ya watoto, ili kinyunga kisipasuke;
- kijiko kikubwa 1 cha siki au maji ya ndimu, ili kupunguza ukungu.

Ukungu ukikusumbua, usitie formalini, hata ukishauriwa na fundi mzoefu. Mvuke wake hudhuru macho na mapafu, na kugusana nayo mara kwa mara ni hatari kwa afya. Dawa ya ukungu iliyo bora ni kutengeneza vitu vyembamba na kuvikausha vizuri.

Hatua za kutengeneza

1. Changanya vitu vyote katika sufuria hadi mabonge yaishe. Sufuria hiyo na mwiko wake viwekewe alama, na visipikiwe chakula tena.

2. Pika kwa moto mdogo, mahali penye hewa ya kutosha, huku ukikoroga bila kuacha. Mchanganyiko utakuwa mzito kama uji, kisha utajikusanya na kuachana na kuta za sufuria. Hapo epua. Ukizidisha moto, kinyunga kitakuwa kikavu na kitapasuka.

3. Kikiwa vuguvugu, kikande kama unga wa chapati kwa mikono iliyopakwa mafuta hadi kiwe laini na chenye kuvutika.

4. Kifunge katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kilale usiku mmoja kabla ya kufinyangwa. Unapofanya kazi, toa kiasi unachohitaji tu. Kilichobaki kikiachwa wazi hufanya ganda upesi.

5. Changanya rangi kabla ya kufinyanga. Weka rangi iliyo hafifu kuliko unayoitaka, maana ikikauka itakolea. Kinyunga kisichotiwa rangi nyeupe nacho hupoteza weupe wake na kuwa kama nta.

Kauri baridi husinyaa inapokauka, na kiasi cha kusinyaa hutegemea mchanganyiko wako. Usikisie. Finyanga kijiti cha sentimita 10, kikaushe, kisha kipime. Kikibaki sentimita 9, ujue kwamba hereni unayoitaka iwe na sentimita 3 lazima uifinyange kwa zaidi kidogo ya sentimita 3.3. Mteja aliyeagiza kipimo maalumu ana haki ya kupata kipimo hicho.

Kukausha katika hewa ya pwani

Maelekezo mengi yanayosambaa yameandikwa na watu wa nchi zenye hewa kavu. Tanga, Pangani na Mkinga hali ni nyingine. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, hewa hujaa unyevu kiasi kwamba hata chumvi hulowa ndani ya kopo. Petali nyembamba inayokauka kwa siku moja au mbili katika kiangazi huhitaji muda mrefu zaidi. Kitu kinene huweza kuonekana kikavu kwa nje huku ndani kingali kibichi, na ukungu huanzia humo.

Kwa hiyo, anika kivulini penye upepo, juu ya wavu au chekecheke, na ugeuze kila siku. Jua kali hukausha ngozi ya nje kwa haraka na kuipasua. Vitu vinene vifanyiwe kiini cha waya au karatasi ya alumini iliyofinyangwa, ili kinyunga kiwe tabaka jembamba tu juu yake. Usipake vanishi mpaka kitu kikauke hadi ndani, kwa sababu vanishi itaufungia unyevu usiweze kutoka.

Vanishi huzuia matone na vumbi, lakini haikifanyi kitu kistahimili kuloweshwa. Kumbuka pia kwamba wanga ni chakula cha mende, sisimizi na panya. Mapambo yahifadhiwe katika kisanduku kikavu chenye kifuniko.

Mahali ambapo kauri baridi haifai

Isitumike kwa sahani, bakuli, kikombe, kijiko, wala kitu chochote kitakachogusana na chakula au kinywaji. Vanishi haibadili katazo hili. Isiwekwe karibu na jiko, mshumaa au chetezo cha udi.

Isipewe mtoto mdogo kama kitu cha kuchezea. Ua la kauri baridi hufanana mno na pipi, na kipande kilichokatika huweza kumkaba koo mtoto aliye chini ya miaka 3. Mate yenyewe huilainisha. Watengenezaji nao wajihadhari na rangi za mafuta za zamani, ambazo huweza kuwa na madini ya risasi. Chagua rangi ambayo lebo yake inasema haina risasi.

Matumizi yanayofaa ni mengi: maua ya mezani, hereni, vibanio vya nywele vya watu wazima, fremu za picha, na mapambo ya harusi. Pambo la keki liwekwe juu ya kikalio kinacholitenganisha na keki, na mwenye sherehe aambiwe kwamba haliliwi.

Kabla hujanunua

Muulize muuzaji: Je, kimechomwa au kimekaushwa kwa hewa? Kisha kichunguze. Kauri ya kweli ni baridi mkononi, na ukiigonga kwa ukucha hulia. Kauri baridi ni nyepesi, na sauti yake ni butu. Kwa ruhusa ya muuzaji, gusa sehemu ya chini isiyopakwa vanishi kwa kidole kilicholowa. Ikianza kunata, umepata jibu. Dai risiti yenye maelezo ya bidhaa. Neno "kauri" likiandikwa peke yake kwa kitu kisichochomwa halitoshi.

Kwa anayeuza

Weka lebo yenye mambo manne: jina lako na mahali ulipo, vitu ulivyotumia, maneno "si kwa chakula wala kwa watoto wadogo", na jinsi ya kutunza: kifutwe kwa kitambaa kikavu, kisioshwe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na mfanyabiashara mdogo hakuachwa nje ya sheria hiyo. Ukitaka mafunzo ya ujasiriamali, fika katika ofisi za SIDO. Kuhusu ubora wa bidhaa, uliza TBS. Mlaji aliyepotoshwa anaweza kuwasilisha malalamiko yake kwa Tume ya Ushindani, akiwa na risiti na bidhaa yenyewe.

Tunajua kwamba muuzaji huweza kuogopa kuwa lebo ya kweli itamfukuza mteja. Lakini mteja aliyeambiwa mapema kwamba waridi lile ni la kutazamwa atalitunza, na mwakani atarudi kununua jingine. Yule aliyelitumbukiza katika beseni kwa kutokujua hatarudi.

Jipime

1. Kwa nini chungu kilichochomwa hakirudi kuwa tope, ilhali kauri baridi hulainika ikiloweshwa?
2. Kijiti chako cha sentimita 10 kimekauka na kubaki sentimita 8. Pambo la sentimita 4 utalifinyanga kwa urefu gani?
3. Jirani yako amepaka vanishi tabaka tatu juu ya kikombe cha kauri baridi, naye anataka kukinywea kahawa. Utamweleza nini?

Majibu: (1) Moto huubadili udongo moja kwa moja, kauri baridi imeshikwa na gundi tu, nayo hulegezwa na maji. (2) Sentimita 5. (3) Asikinywee. Vanishi haikifanyi kikombe kuwa salama kwa kinywaji, na kahawa ya moto itakiharibu upesi zaidi.