SOMO LA UFUNDI: Kufunga Giaboksi ya Ovadraivu Katika Gari la Zamani

Katika chama chetu tumezoea kuchambua methali na mashairi. Leo naomba tuingie gereji. Wapo wanaosema eti Kiswahili hakiwezi kueleza mambo ya ufundi. Fundi wa juakali hapa Mulot akikuambia "difu imekwisha" au "klachi inateleza," je, anasema lugha gani? Basi tega sikio.

1. Ovadraivu ni nini?

Magari mengi ya otomatiki ya zamani yalikuwa na gia tatu tu za kwenda mbele. Hata Peugeot 504, gari lililojulikana sana katika barabara za Kenya, ile ya otomatiki ilikuwa na gia tatu. Katika gia ya tatu, injini ikizunguka mara moja, propela nayo huzunguka mara moja. Ovadraivu ni gia ya nne inayoifanya propela izunguke haraka kuliko injini.

Tuchukue giaboksi ya 700R4 ya General Motors iliyotoka mwaka 1982, ambayo Wamarekani hupenda kuifunga katika magari yao ya kale. Uwiano wake ni 3.06 kwa gia ya kwanza, 1.63 kwa ya pili, 1.00 kwa ya tatu na 0.70 kwa ya nne.

Sasa tupige hesabu. Gari linakwenda kilomita 80 kwa saa, yaani karibu mita 1,333 kwa dakika. Tairi likizunguka mara moja linasonga mita 2, basi linazunguka kama mara 667 kwa dakika. Difu ya 4.1 inaifanya propela izunguke karibu mara 2,730. Katika gia ya tatu injini nayo inazunguka hivyo hivyo. Katika ovadraivu, zidisha kwa 0.70: unapata kama mara 1,910 tu. Mwendo ni ule ule, lakini injini imepumzika, kelele zimepungua, na petroli inadumu. Kwa injini ya mzee aliyetengenezwa miaka ya 1960 au 1970, hiyo si faida ndogo.

2. Kuchagua

Ziko giaboksi zinazoongozwa na kompyuta na ziko zinazoongozwa na shinikizo la mafuta peke yake. Gari lenye kabureta halina kompyuta, kwa hiyo hii ya pili ndiyo rahisi kwake. Toyota walianza kutengeneza giaboksi za ovadraivu za aina hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970.

Angalia pia umbo la gari. Katika Peugeot 504 saluni, propela imo ndani ya bomba lililofungwa kwenye giaboksi upande mmja na difu upande wa pili. Huwezi kuibadilisha giaboksi hivi hivi bila kazi kubwa ya kuchomelea. Gari lenye propela ya wazi ni afadhali, maana propela inaweza kukatwa, ikapunguzwa urefu na kusawazishwa.

3. Kufunga

Kwanza, konvata. Hiki ni kile chombo cha mviringo kilichojaa mafuta ambacho huchukua nafasi ya klachi. Lazima kiingie hadi mwisho na kushikana na pampu ya mafuta iliyo ndani ya giaboksi. Kizungushe kwa mkono huku unakisukuma mpaka usikie kimeingia. Giaboksi ikishaegeshwa kwenye injini, konvata ni lazima izunguke kwa urahisi kabla hujafunga bolti zake. Ikiwa imekaza, simama! Ukiivuta kwa nguvu ya bolti utaipasua pampu, na kazi yote ni bure.

Pili, kipoza mafuta. Rejeta ya gari lililokuwa la gia za mkono haina sehemu ya kupoza mafuta ya giaboksi. Funga kipoza chake mbele ya rejeta. Sisi tunaishi kwenye vilima, na kilima huchemsha mafuta.

Tatu, swichi ya usalama. Gari liwake tu mkono wa gia ukiwa kwenye P au N. Likiweza kuwaka likiwa kwenye D, siku moja litamruka dereva na kumgonga mtu aliyesimama mbele.

4. Kebo: hapa ndipo penye siri

Giaboksi ya namna hii haioni kilima wala haijui kama umebeba magunia ya viazi. Inaambiwa na kebo moja nyembamba inayotoka kwenye kabureta. Ukikanyaga akselereta, kebo inavutwa, na giaboksi inaongeza shinikizo la mafuta ili klachi zake za ndani zishike sawasawa. Kebo ni mjumbe. Waswahili husema mjumbe hauawi, lakini mjumbe huyu akisema uongo, anayeuawa ni giaboksi.

Kebo ikilegea, giaboksi inadhani gari halina kazi. Inabadilisha gia mapema, shinikizo linakuwa dogo, klachi zinateleza na kuungua. Dereva anaweza hata kufurahi na kusema, "Aa, gari laini kweli!" Kumbe linakufa polepole. Kebo ikikazwa mno, gia zinachelewa kubadilika na gari linaruka kwa kishindo.

Namna ya kupima: zima injini. Mwenzako akanyage akselereta hadi chini kabisa. Hakikisha mdomo wa kabureta umefunguka wote. Katika kebo nyingi za Toyota kuna kifundo kidogo cha chuma juu ya waya. Nafasi kati ya kifundo hicho na mwisho wa ala ya kebo iwe milimita 0 hadi 1. Ikizidi, rekebisha nati mbili za kebo. Usiendeshe gari hata hatua moja kabla ya kipimo hiki, ati utarekebisha ukifika.

5. Mafuta

Pima mafuta gari likiwa mahali tambarare, injini ikinguruma na mafuta yakiwa moto. Pitisha mkono wa gia katika nafasi zote, urudi P, kisha chomoa kijiti cha kupimia. Mafuta mazuri ni mekundu na safi. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, klachi zimeanza kulia.

6. Barabarani

Ovadraivu ni ya tambarare, kama pale unapopita mashamba ya ngano upande wa Narok. Ukianza kupanda vilima vya Bomet, giaboksi itahangaika kati ya gia ya tatu na ya nne. Zima ovadraivu. Kumbuka: taa ya O/D OFF ikiwaka, maana yake ovadraivu imezimwa.

Kuteremka ndiko kwenye hatari zaidi. Katika ovadraivu injini haizuii gari vya kutosha. Dereva anabaki na breki tu, na breki za ngoma za magari ya kale hupata moto na kupoteza nguvu upesi. Ukiteremka mteremko mrefu kama ule wa Mai Mahiu, zima ovadraivu ungali juu, ushuke gia ya chini zaidi ikibidi. Uhai wa abiria haununuliwi kwa petroli uliyookoa.

Jambo la mwisho. Wakati wa mvua tumezoea kusukuma gari hadi liwake. Hili halisukumwi! Pampu yake inaendeshwa na injini; injini ikilala, hakuna shinikizo. Kwa sababu hiyo hiyo, likiharibika usilivute mwendo mrefu magurudumu ya nyuma yakiwa chini. Yainue, au fungua propela.

Maswali ya kujipima

(a) Propela ikizunguka mara 3,000 kwa dakika katika ovadraivu ya 0.70, injini inazunguka mara ngapi?
(b) Kwa nini gari linalobadilisha gia mapema na kwa ulaini huenda likawa mgonjwa?
(c) Eleza kwa nini gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa.

Mwenye kujua na afunze wengine. Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.