Mimea ya Kupamba Ua wa Nyumba

Mtu atokaye Korogwe kwenda Handeni huuacha nyuma mto Pangani na milima ya Usambara yenye ukungu, akaingia katika nchi ya namna nyingine. Mvua ni haba, na jua la Januari na Februari halina huruma. Hapa Chanika maji ni mali. Walakini tukipita njiani twaona nyumba moja imezungukwa na maua mekundu na ya zambarau, na nyumba ya pili yake, iliyojengwa kwa udongo ule ule, imesimama tupu juu ya mchanga uliofagiliwa. Je, mwenye nyumba ile ya kwanza ana kisima cha siri? Hana. Alichagua vema tu.

Watu wengi hutazama kwanza uzuri wa ua, wakafikiri habari ya maji baadaye. Mwandishi wa somo hili alikuwa mmoja wao. Alipata kupanda mawaridi manne mbele ya mlango, akawa akiomba ndoo ya maji kila jioni, hata watu wa nyumbani wakachoka naye. Kabla ya masika mawaridi yale yalikuwa kuni. Basi swali la kwanza si rangi. Uliza hivi: mmea huu ukikosa maji mwezi mzima, utaishi?

Mmea unaolijibu swali hili vizuri kuliko yote ni bogenvilia. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1767 mtaalamu wa mimea, Mfaransa jina lake Philibert Commerson, aliuona katika nchi ya Brazili, alipokuwa safarini katika jahazi za nahodha Louis Antoine de Bougainville. Nao ukapewa jina la nahodha huyo. Ukichuma kitawi chake ukakitazama vema, utaona jambo la ajabu. Zile sehemu nyekundu, zambarau au rangi ya machungwa ambazo watu huziita maua, si maua hata kidogo. Ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni lile dogo, jembamba, jeupe, lililo katikati, ambalo watu hawalijali. Tena, mmea huu ukimwagiwa maji kila siku huota majani mabichi mengi na kusahau kuchanua. Ukiachwa na kiu kidogo, ndipo hupendeza. Ni kama ulikusudiwa Handeni.

Kuupanda si kazi ngumu. Masika yakianza, kata tawi lililokomaa, unene wa kalamu na urefu wa shibiri moja au zaidi kidogo. Toa majani, usiache ila mawili ya juu. Zika nusu yake katika kopo lenye udongo mwepesi, uliweke kivulini, ulitilie maji machache. Usiling'oe kila siku kutazama kama limeota mizizi. Hii ndiyo sababu ya matawi mengi ya wanafunzi kufa. Miche ikishika, ihamishe wakati wa vuli, katika shimo la kina cha futi moja na nusu, lililochanganywa na samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza. Miiba yake ni mikali, kwa hiyo ifaa kwa boma, wala haifai kando ya njia wapitapo watoto.

Haibiskasi ni mmea mwingine mwema, wenye maua makubwa ya kudumu siku moja tu. Wengi huudhani kuwa wa kigeni, na aina nyingi kweli ni za kigeni. Lakini iko moja ambayo asili yake ni pwani ya Kenya na Tanzania. Ua lake huning'inia kama taa, na petali zake zimepasuka nyuzi nyuzi. Wataalamu waliipa jina la schizopetalus, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya petali zilizopasuka. Sisi twaweza kusema zimechanika, na watoto wa Chanika hawatalisahau neno hilo. Huu hutaka maji kuliko bogenvilia, basi uupande pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo.

Chini, karibu na ukuta, panda vinka, yenye maua madogo meupe au ya waridi. Ilitoka Bukini, nayo huota hata penye kokoto, ikachanua karibu mwaka mzima. Katika mmea huu wataalamu walipata dawa za kutibu saratani ya damu, katika miaka ya 1950 na baadaye. Lakini majani yake yakiliwa ni sumu, maana dawa na sumu mara nyingi hukaa katika jani moja.

Na hapa ndipo swali la pili: nani anaishi katika ua huu? Kama kuna mtoto atambaaye, au mbuzi, hapana budi kujihadhari. Waridi la jangwani lina shina nene la kuweka maji na maua mazuri mno, nalo halihitaji kumwagiwa. Lakini utomvu wake ni sumu iliyotumiwa na wawindaji kupaka mishale. Lipande mbali na mikono midogo, nawe unawe mikono baada ya kulikata.

Lantana ni afadhali kuiacha kabisa. Kichala chake kimoja kina njano, machungwa na nyekundu, na kwa ajili ya uzuri huo ililetwa kutoka Amerika. Ndege hula matunda yake meusi, wakazitawanya mbegu mashambani. Baada ya miaka michache malisho huwa vichaka, na vichaka huwa maficho ya mbung'o. Ng'ombe akila majani yake ini huharibika, na ngozi yake hubabuka juani. Aliyeipanda nyumbani kwake alipamba ua mmoja, akawaharibia malisho majirani.

Liko pia ua la nchi yetu ambalo uzuri wake umefika ulimwenguni kote. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala Mjerumani wa Tanga, aliona katika nchi hii ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Alipeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia. Siku hizi hukaa katika vyungu madirishani huko Ulaya na Amerika, hali katika misitu ya kwao limekuwa adimu, kwa sababu miti inayolitia kivuli imekatwa. Usilipande juani Chanika. Majani yataungua kwa siku moja. Ukipewa jani lake kutoka bustanini, si kwa kung'olewa msituni, lichomeke katika chungu cha udongo mwepesi, ukiweke barazani upande usiopigwa na jua, na maji uyatie katika udongo, yasiyaguse majani.