Injini Ikigonga, Sikilizeni Kwanza



Vikundi vingi vina pikipiki ya kupeleka maziwa ama mboga sokoni. Ikishazeeka, injini huanza kugonga. Hapo wengi wetu huendelea kuiendesha tu, ama humwambia fundi afungue injini yote. Njia zote mbili zaweza kumaliza akiba ya kikundi. Katika somo hili tujifunze kuuliza: sauti inatoka wapi, na inatoka wakati gani?

Kabla ya yote

Zima injini, simamisha pikipiki mahali tambarare, upime oili. Injini nyingi za cc 125 hubeba kama lita moja tu, kwa hivyo ikipungua kidogo zinaumia. Kaza nati zinazoshika injini kwenye fremu, na uangalie cheni. Zikilegea, utadhani injini ndiyo inagonga.

Haya, sasa washa. Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse injini na mpini uguse mfupa wa karibu na sikio. Jihadhari na cheni na ekzosi.

Sauti nne

1. Tik-tik nyepesi juu ya injini, inaongezeka ukivuta mafuta. Mara nyingi ni tapeti zimelegea. Fundi azipime injini ikiwa baridi, akifuata kitabu cha pikipiki hiyo. Ni kazi ndogo.

2. Mlio kama kokoto mkebeni ukipanda mlima kwa gia kubwa, unaisha ukipunguza mafuta. Petroli inawaka vibaya. Huenda imechanganywa na mafuta ya taa. Mchezo huo ulizidi mpaka mwaka wa 2018 Serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa. Jaribu petroli ya kituo kingine. Ikiendelea, fundi aangalie taimini na masizi juu ya pistoni.

3. Inagonga asubuhi, ikipata joto inanyamaza. Pistoni na silinda zimelika. Endesheni polepole, huku mkiweka pesa za matengenezo.

4. Ngo-ngo nzito chini, inazidi ikibeba mzigo. Beringi ya konrodi yaweza kuwa inakwisha. Zima hapo hapo, msukume mpaka kwa fundi! Konrodi ikikatika hutoboa injini, na gharama ya beringi moja inakuwa ya injini nzima.

Kwa fundi

Msiseme tu "inagonga." Mwelezeni ni wapi na ni lini. Kisha mwombeni awaonyeshe kilicholika kabla hamjatoa pesa ya kingine.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani kati yetu hupima oili, na kila baada ya siku ngapi?
2. Dereva akisikia ngo-ngo akiwa na maziwa njiani, tumekubaliana afanye nini?
3. Je, tunaweka kiasi gani kila wiki kwa matengenezo?